Komunike ya Kifo cha Baba Mkwe Aliyekuwa Njiani

Leo nimemtangaza baba mkwe wangu kuwa amekufa. Redioni. Mara mbili. Hajafa. Sijui uso niuweke wapi, kwa hiyo nimejificha nyuma ya nyumba ya watu na ninawaandikia nyinyi.

Nianze mwanzo, maana najua mtaniuliza.

Wengine mnaijua kazi yangu, wengine mnajifanya mnaijua. Ninaandika programu za kompyuta hapa Kasongo. (Ndiyo, Kasongo. Umeme wa jua, intaneti ya kubahatisha na kichwa kigumu.) Majuzi redio moja ndogo ya hapa mjini ilinipa kazi ya kupanga komunike zao, yaani yale matangazo ya watu: fulani amefariki, fulani anaoa, mbuzi mwenye doa jeupe amepotea karibu na soko, familia fulani ikutane. Zamani ilibidi uje na karatasi mpaka mlangoni kwa mtangazaji. Sasa unatuma ujumbe kwa simu, hata uwe mbali kule Salamabila au Nyangwe, na mtangazaji anaukuta kwenye kompyuta yake umeshapangwa vizuri.

Nitaeleza kwa ufupi inavyofanya kazi, kwa sababu ndipo nilipojiponza. Ujumbe ukifika kwa kampuni ya kusambaza meseji, kampuni inaigongea programu yangu mlango na kuiachia data: nani ametuma, saa ngapi, ameandika nini. Hodi hiyo ndiyo mafundi wanaiita webhook. Kuna maktaba ya msimbo, imeandikwa na watu wengine wenye akili zao, ambayo kazi yake ni kupokea hodi hizo. Uzuri wake ni kwamba kabla haijaipeleka data mbele, inakuruhusu uingize mkono. Uongeze kitu. Ubadilishe kitu. Uipambe data upendavyo. Mimi niliingiza mikono miwili na viwiko.

Niliongeza kipande kinaitwa AINA. Kifo, harusi, mkutano, kilichopotea. Mtumaji anaandika neno hilo kwanza, halafu jina la mhusika, halafu siku, halafu mahali. Programu inachukua vipande hivyo na kuvishona viwe tangazo lenye heshima. Sasa mtu akisahau kuandika aina, itakuwaje? Nikakaa nikafikiri. (Kosa lilianzia hapo. Ningekuwa sijafikiri, tungekuwa salama.) Nikajiambia hivi: anayeoa hasahau, ana furaha, ataandika HARUSI kwa herufi kubwa. Aliyepoteza mbuzi hasahau, ana hasira. Anayesahau ni mwenye msiba, maana mikono inamtetemeka. Basi asiyeandika aina, programu imwandikie KIFO. Nilijiona mtu mwenye huruma sana. Nilijipongeza kwa soda baridi.

Sasa njooni kwa Mzee Assumani.

Mzee Assumani ni baba wa Zaina. Zaina anafundisha shule ya msingi hapa mjini, anaishi kwa baba yake mdogo, Ramazani, mwenye duka la vitambaa. Mimi na Zaina tumependana miaka mitatu. Posa niliipeleka, wajumbe walipokelewa, wakala, wakashiba. Lakini mzee, ambaye analima mpunga kule Wamaza, alisema jibu atalitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya familia yote. Kilichomkwamisha ni kazi yangu. Siku moja aliniuliza kwenye simu: "Mutu anakaa kwenye kiti kuanzia asubui mpaka magaribi. Anavuna nini?"

Jibu lilikuwa litolewe leo. Leo hii. Nimeamka mapema, nimevaa kanzu yangu nyeupe ninayoipenda kuliko nguo zote, nimenyoa ndevu, nimejikata kidevu. Na leo pia ndiyo siku ya kwanza programu yangu kufanya kazi hewani. Nilisema moyoni, baraka mbili siku moja!

Saa tano nimekaa nyumbani, redio iko wazi, nasubiri kusikia kazi ya mikono yangu. Komunike ya kwanza, harusi. Safi. Ya pili, mkutano wa wauza mchele. Safi kabisa. Halafu muziki ukabadilika. Mama Feza, mtangazaji, ana sauti yake maalumu ya msiba, inashuka chini na kutetemeka kidogo mwishoni. Akaitoa:

"Kwa masikitiko yasiyo na kipimo, familia inawatangazia kifo cha Mzee Assumani wa Wamaza, kilichotokea leo alfajiri. Ndugu, jamaa na marafiki wote wanaombwa kufika nyumbani kwa Ramazani, saa nane. Mutu asikose."

Jamani!

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Nilimpigia mzee: simu haipatikani. Nikapiga tena: haipatikani. (Bila shaka haikupatikana. Alikuwa porini juu ya pikipiki, na huko njiani hata ndege hawapati mtandao. Lakini mimi kichwani nilishamzika.) Nikampigia Zaina. Alipokea, nilisikia kilio tu. Nikatoka mbio na kanzu yangu nimeipandisha mpaka magotini, mtaa mzima unaniangalia.

Kufika kwa Ramazani, watu walishajaa. Wanajua kuwahi, watu wa Kasongo! Mikeka chini, wanawake wamefunga vitambaa viunoni, wazee wameshaanza kusoma Yasini upande wa kibarazani. Ramazani amekaa chini kabisa, mgongo ukutani, analia kama mtoto. Zaina yuko katikati ya wanawake, amekumbatia magoti. Aliponiona alisema kitu kimoja tu: "Alikuwa anakuja, Salumu. Alikuwa anakuja juu ya jibu letu."

Hapo moyo uliniuma kweli. Hilo silifanyii mzaha.

Na kwetu hakuna matanga yasiyo na wataalamu. Nilipita katikati ya watu nikasikia hivi:

"Pikipiki ilianguka kwenye daraja."

"Apana, ni presha. Alikuwaka na presha."

"Presha gani! Alikula uyoga. Mimi nilimukatazaka uyoga."

Mpaka saa sita, marehemu alikuwa amekufa mara tatu, kila mara na shahidi wake.

Mimi sikukaa. Mkwe kwenye matanga hakai, mnajua wenyewe. Wengine wanalia wameketi, mkwe analia akiwa kazini. Nikapewa shoka. Nimepasua kuni nikiwa na kanzu nyeupe, machozi yanatiririka, vipande vinaruka, wanawake wanasema "maskini, angalia mukwe". Nikabeba maji. Nikarudi kwenye kuni. Halafu nikaanguka pale pale vumbini, nikajigaragaza, nikapiga ukelele: "Baba, umeniacha na nani!" (Sijaoa bado. Nilikuwa bado nina mama yangu, ndugu zangu wanne na nyinyi wote. Lakini ndicho kilichotoka.) Ramazani, ndugu wa tumbo moja wa marehemu, alinyamaza kidogo ili anisikilize vizuri.

Saa saba na nusu redio ikarudia komunike za asubuhi, zilizokuwa zimerekodiwa. Mtu mmoja akapandisha sauti ili wote wasikie, na wote tukanyamaza. Mama Feza akaanza: "Kwa masikitiko yasiyo na kipimo..."

Nami, niko chini vumbini, uso umejaa matope ya machozi, nikajikuta nawaza: sentensi nzuri hii. Nani ameiandika?

Mimi.

Bado sikushtuka. Nilisema tu moyoni, angalau mzee ameagwa kwa maneno mazuri. Lakini Mama Feza akafika mwisho, akasema "Mutu asikose", na mimi nikainua kichwa. Nani anasema hivyo kwenye msiba? Mfiwa anaomba, haamrishi. Na mimi nilimjua mtu mmoja tu katika maisha yangu anayemaliza kila neno lake kwa "mutu asikose".

Nikatoa simu. Nikafungua ukurasa ninakowekea data zote jinsi zilivyokuja, kabla sijaingiza mikono yangu. Nikatafuta. Nikaukuta ujumbe, umetumwa kabla jua halijachomoza:

"Mzee Assumani wa Wamaza. Leo alfajiri. Kwa Ramazani saa nane. Mutu asikose."

Hakuna aina.

Kumbe mzee alikuwa anaitisha mkutano wa familia. Kwetu mkutano wa namna hiyo unapitishwa redioni, ili kesho mtu asije akasema hakuambiwa. Ameandika jina lake, ameandika saa anayotoka, ameandika mahali, ameandika saa ya kukutana. Amesahau neno moja tu, mkutano. Na programu yangu yenye huruma ikamwonea huruma.

Nikaangalia namba iliyotuma. Simu yangu inaijua. Imeandika: "Baba Mkwe (usipige ovyo)".

Marehemu alikuwa amejitangaza mwenyewe!

Nikaangalia kushoto, watu wanalia. Nikaangalia kulia, wazee wanasoma. Masufuria makubwa matatu yako motoni, kwa kuni zangu. Kasongo nzima iko pale, na mtu mmoja tu anajua ukweli, na mtu huyo ana shoka miguuni. Nikawaza kusema. Nikawaza kukimbilia mji wa Kindu. Nikafungua mdomo, na pale pale nikasikia pikipiki inapanda kutoka barabarani.

Mzee Assumani akaingia uani nyuma ya dereva wake, mzima, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu, na kuku wawili wamefungwa nyuma ya pikipiki.

Siwezi kuwaelezea kimya kile. Halafu siwezi kuwaelezea makelele yaliyofuata. Wanawake walikimbilia ndani, wengine walikimbilia nje, wakagongana mlangoni. Yule mtaalamu wa uyoga aliruka ua wa matete kama kijana. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma Yasini aliongeza sauti na kufumba macho.

Lakini kilichonimaliza ni mzee mwenyewe. Aliangalia mikeka, akaangalia masufuria, akamwona ndugu yake analia, na uso wake ukavunjika. Akashuka kwenye pikipiki akiyumba. Akashika kichwa.

"Ni nani?" akasema. "Ramazani, ni nani amekufa?"

Watu wakatazamana. Nani angejibu?

"Muniambie! Ni nani? Nitoke Wamaza nikute musiba, na mutu asiniambie?" Akaanza kulia. Analia kweli, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Marehemu analia kwenye matanga yake mwenyewe, anadai aambiwe jina!

Ni Zaina aliyevunja ukimya. Alipiga kelele moja, "Baba!", akamrukia, akamshika shingo akawa hamwachii. Halafu Ramazani akaja taratibu, akamgusa bega kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu sufuria kama bado ni ya moto.

"Kaka," akasema, "redio imesema ni weye."

"Ni mimi nini?"

"Ndio weye umekufa."

Mzee alifuta machozi. "Redio gani? Mimi mwenyewe niliandikia redio asubui!"

Na hapo, kwa bahati yangu ya leo, Mama Feza alikuwa ameshafika kutoka kazini kuja kutoa pole. Alikuwa amesimama karibu na mtungi wa maji. Macho ya watu wote yalimgeukia yeye. Mama Feza ni mwanamke mwenye heshima zake, hakutaka kubeba mzigo usio wake.

"Mimi ninasomaka yenye iko kwa mashini," alisema, polepole, na ile sauti yake ya redioni. "Na mashini ni ya Salumu."

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja. Nilikuwa bado nimekaa chini vumbini.

Mzee Assumani akaja akasimama mbele yangu. Akavuta kiti, akaketi. "Nieleze," akasema. "Leo nimekuja kusikia kazi yako. Nieleze hapa, mbele ya watu."

Nikaeleza. Jamani, nikaeleza hodi, nikaeleza maktaba, nikaeleza jinsi ya kuingiza mkono kwenye data. Matanga yote yananisikiliza, na mtaalamu wa uyoga amechungulia juu ya ua. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza:

"Mutu asipoandika aina, mashini inaandika nini?"

"Kifo, Baba."

"Juu ya nini kifo? Juu ya nini haiandike harusi?"

"Kwa sababu wenye msiba ndio wanaosahau, Baba. Mikono inawatetemeka."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Kwa hiyo mutu akisahau neno moja," akasema, "weye unamuua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Kasongo haipasuki ovyo.

"Simama," mzee akasema. "Twende redio. Unirudishe."

Tukaenda. Si sisi wawili, la! Matanga yote yalitufuata kwa miguu, na njiani kila aliyemwona mzee aliongeza msafara. Mama Feza alifungua studio, akawasha kipaza sauti, akakaa pembeni na kukunja mikono. "Ya vifo nimesoma, ya harusi nimesoma," alisema. "Ya kurudisha mutu sijasomaka hata siku moja. Soma mwenyewe."

Nilisoma mwenyewe. Hewani, kwa sauti inayotetemeka kuliko ya Mama Feza, nilitaja jina langu kamili, jina la baba yangu na mtaa ninakokaa, kisha nikasema Mzee Assumani wa Wamaza yuko hai, na aliyemtangaza marehemu ni mimi, si Mungu. Mzee akanisogeza kwa kiwiko, akaliinamia lile dude la kipaza sauti.

"Ni mimi Assumani. Niko muzima," akasema. "Wale wenye iko Wamaza, kama mumeanza kuchimba, muache." Akaongeza: "Mutu asikose kusikia."

(Mama mkwe alikuwa shambani, komunike za asubuhi hazikumfikia. Ya mume wake kuwa hai ndiyo ya kwanza kuisikia. Amepiga simu mara sita kuuliza kwani alikuwa wapi.)

Tukarudi kwa Ramazani. Wali ulikuwa umeiva na hakuna mtu aliyeondoka, maana nani angeondoka leo? Mzee alikula wali wa matanga yake, akasema hauna chumvi. Akanawa mikono. Akaitisha kimya. Nilijua kinachokuja, na nilikwisha kuanza kukusanya maneno ya kumuaga Zaina.

"Nilitoka Wamaza na jibu," alisema. "Jibu ilikuwa apana."

Zaina aliinamisha kichwa.

"Kazi ya huyu kijana nilikuwa siielewi. Leo nimeielewa, na ni mubaya." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Lakini dereva wangu na mimi, tukisimama chini ya kilima kupoza pikipiki, tulisikia mutu analia. Nimeuliza hapa huyo alikuwa nani. Wameniambia ni Salumu. Wameniambia alipasua kuni na kanzu ya kuposea, akaanguka chini, akaniita baba, na mimi hata sijamukubali. Ramazani ni ndugu yangu wa tumbo moja, na hakunililia vile." Ramazani akaangalia pembeni. "Wengi wanasemaka watanilia. Huyu nimemusikia. Mutoto nimemupa."

Vigelegele! Wanawake walewale, vitambaa vilevile viunoni. Mimi nilibaki nimekaa, kanzu haina tena sehemu nyeupe. Zaina alipita karibu yangu akiwa amebeba sahani na kuninong'oneza bila kuniangalia: "Nitaolewa na weye, juu nipate kukuazibu polepole."

Msimbo nimeshaubadilisha. Sasa asiyeandika aina, ujumbe wake unamsubiri Mama Feza apige simu na kuuliza. Hilo limekwisha.

Ila kuna jambo moja nawaambia nyinyi tu. Pale kwenye kuni, kabla sijaanguka, nilikuwa napiga hesabu. Matanga siku arobaini. Eda ya mama mkwe miezi minne na siku kumi. Halafu ukoo ukae uchague nani wa kujibu posa yangu, na ukoo ule ukikaa hauinuki. Nikajiona naoa nina mvi kichwa kizima, ndipo nikaanguka na ule ukelele ukatoka. Kwa hiyo chekeni mnavyotaka, lakini nawapigia magoti, mtu asimwambie mzee nilikuwa namlilia nani.